Tangazo la Pili la Chiriku

Nyumbani tulimwita Chiriku tangu akiwa na miaka mitatu, kwa sababu alikuwa akiongea hata usingizini. Ni kitinda mimba wetu, nami ni kifungua mimba. Sisi wengine tulirithi ukimya wa baba. Yeye alichukua maneno yote yaliyobaki ndani ya nyumba.

Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali, na akiwa hukohuko akasoma shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni. Alipofika miaka thelathini na sita alituambia anaacha kazi aende kusoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa umma. Mjomba alikuwa amekuja kumsalimia mama siku hiyo. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Yaani unaacha mshahara ukajifunze kuongea?"

"Si kuongea tu, mjomba."

"Wewe Chiriku kusomea kuongea ni sawa na bata kusomea kuogelea."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Chiriku naye alicheka, lakini nilimwona akikunjakunja ncha ya mtandio wake. Kesho yake alipeleka barua ya kuacha kazi.

Katika miaka miwili ya masomo, kila Jumamosi alikuja kwangu kufanya mazoezi. Mimi nilikuwa mwandishi wake wa habari. Nilisoma maswali kwenye karatasi, kwa sauti yangu hii isiyotisha kuku, naye akajibu. "Umejibu nisichouliza," nilimwambia mara nyingi, naye akaanza upya. Alinionyesha pia kazi zilizosahihishwa na mhadhiri wake, mama mmoja mkali. Chini ya kila kazi, hata iliyopata alama nzuri, mama yule aliandika maswali mawili kwa wino wa kijani: Nani amesikia? Umejuaje?

Muhula wa mwisho ulikuwa wa mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu, na chuo kikampangia mamlaka ya maji, ninakofanya kazi. Mimi napokea simu za wateja. Chumba changu kiko chini, ubavuni mwa stoo ya mita. Kina meza, simu mbili, na daftari lenye safu nne: saa, mpigaji, tatizo, anakoishi. Safu ya nne huwa naijaza kwa maneno ya mpigaji mwenyewe. Mhandisi wetu aliwahi kuniambia najaza takataka, kwamba anachohitaji ni namba ya kanda tu. Niliendelea. Kwa miaka kumi na tisa nimejaza madaftari ishirini na matatu, na ofisini wananiita Mzee wa Daftari.

Nafasi ya afisa uhusiano ilikuwa wazi kwa miezi minane. Mkurugenzi alimwambia Chiriku siku ya kwanza, nami nikiwa pale pale, "Nafasi ipo. Nikiona kazi, utabaki. Nisipoiona, nitakusainia ripoti ya chuo na tutaagana vizuri." Hospitali walishamwajiri mwingine. Hakuwa na pa kurudi.

Wiki ya tatu ilianza kazi ya kubadilisha bomba kuu, kwa awamu mbili, na kila awamu ilimaanisha siku mbili bila maji. Tangazo la awamu ya kwanza aliliandika Chiriku. Lilikuwa zuri: sababu, tarehe, saa, namba ya kupiga. Lilitoka siku nne kabla, redioni na ukutani. Maeneo aliyaandika kama alivyopewa na mhandisi: Kanda 4B na Kanda 5A. Nililisoma mara mbili. Katika miaka yote ile sijawahi kusikia mtu akisema anaishi Kanda 4B. Niliona kasoro, nikanyamaza. Ndiyo tabia yangu, na siisifu.

Siku ya kukata maji, hadi saa sita mchana nilikuwa nimepokea simu mia mbili na kumi na mbili. "Kumbe hiyo 4B ndiyo sisi?" Muuguzi mkuu wa kliniki ya wajawazito hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Kaka, nina akina mama kumi na wawili hapa, na pipa nusu." Tukampelekea gari la maji, likafika baada ya saa moja na nusu.

Alasiri tuliitwa kwa mkurugenzi. Nilikwenda na daftari langu. Mhandisi ndiye aliyeanza.

"Tangazo lilitoka mapema. Watu wetu hawasomi."

Kwa maneno hayo alikuwa amemfungulia Chiriku mlango wa kukwepa lawama, lakini Chiriku hakuutumia.

"Walisoma," alisema. "Hawakujiona ndani yake. Nilichukua majina ya kwenye ramani bila kuuliza kama kuna anayeyajua. Kosa ni langu, na kliniki nimeshakwenda kuomba radhi."

Mkurugenzi alifunua kalenda ya mezani. "Awamu ya pili ni baada ya wiki mbili. Utaandika tena. Hiyo ndiyo nitakayoipima."

Chiriku alinifuata chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Kaka, ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Basi adhabu yako ni kushusha madaftari yote."

Tulifanya kazi siku nane. Alisoma safu ya nne, ukurasa kwa ukurasa: nyuma ya kiwanda cha magodoro, mteremko wa shule ya viziwi, kwa kinyozi wa ghorofani. Jina likijirudia, aliliandika kwa penseli kwenye ramani ya mhandisi, juu ya namba ya kanda. Siku ya sita mhandisi mwenyewe alipita, akainama juu ya ramani, akasema, "Hivi hapa ndipo wanapopaita hivyo?" Akavuta kiti.

Kisha Chiriku akatoka na rasimu mkononi, akawaendea watu arobaini, dukani, kwenye vibanda, milangoni mwao. Hakuwauliza kama wameelewa. "Ukiuliza hivyo kila mtu atasema ndiyo, ili uondoke," aliniambia. Aliwapa karatasi wasome, halafu akauliza, "Je, Alhamisi kwako kutakuwa na maji?" Thelathini na sita walijibu sawa. Wanne waliokosea walikuwa wa mtaa mmoja. Kiwanda cha magodoro kilishahama, jengo lake likawa ukumbi wa sherehe, na vijana wa pale wanapaita ukumbini. Akayaandika majina yote mawili. Kliniki alikwenda mwenyewe tena, akasimama hapo mpaka matangi yote yakajaa.

Alhamisi nilifungua ukurasa mpya na kuchonga penseli mbili. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimepokea simu kumi na tisa. Wengi walitaka kujua maji yatarudi lini, jambo lililokuwa limeandikwa, lakini hao hawakosekani. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, hasemi kitu. Sikuwahi kumwona amenyamaza muda mrefu namna ile.

Saa sita na robo mkurugenzi alishuka. Katika miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. Aligeuza daftari kuelekea kwake, akapitisha kidole kwenye safu ya nne, kisha akafungua ukurasa wa awamu ya kwanza akalinganisha.

"Umejuaje kwamba wangeelewa?" alimuuliza Chiriku.

"Niliwauliza kabla, mkuu. Arobaini. Majibu yao ninayo kwenye karatasi."

"Jumatatu lete vyeti vyako kwa afisa utumishi."

Mkurugenzi alipotoka, Chiriku aliegemeza kichwa kwenye mlango wa stoo, akacheka kwa sauti ndogo huku machozi yakimtoka. Nilimpa kitambaa changu.

Katika ripoti aliyoipeleka chuoni, kwenye orodha ya vyanzo, baina ya vitabu vya maprofesa, ameandika: Madaftari ya simu, ishirini na matatu, yaliyoandikwa na kaka yangu. Nakala ninayo kwenye droo. Mhadhiri wake yule mkali aliirudisha bila wino wa kijani hata tone.

Lakini Alhamisi ile ilikuwa haijaisha. Alasiri simu iliita, nikaitambua sauti kabla hajajitaja.

"Mimi naishi kwa kinyozi wa ghorofani," alisema mjomba.

"Najua, mjomba."

"Nimejaza ndoo saba na beseni. Tangu juzi. Mwambie yule bata."

"Nimwambie nini?"

Alikohoa kidogo. "Mwambie anaogelea."

Niliandika kama ninavyoandika siku zote. Saa: tisa na dakika arobaini. Mpigaji: mjomba. Anakoishi: kwa kinyozi wa ghorofani. Safu ya tatu niliijaza mwisho. Tatizo: hakuna.