Miwani Ndani ya Duka la Leso

Mimi na Zuhura tunauza leso, yaani khanga, katika duka moja Biashara Street. Tangu anunue miwani ya jua, wateja hawaishi kumsifu, nami wivu ukaniwaka. Alinishauri nitafute inayokinga macho kwanza, urembo baadaye. Nikaona ananibania. Nikanunua nyeusi tititi, kubwa kuliko yake, na hata dukani sikuivua.

Jana mama mmoja alitaka leso za kijani za harusi ya bintiye. Nikamtolea.

“Mwanangu, hizi ni za buluu.”

“Ni kijani, mama. Hii ndiyo kazi yangu.”

Akanyoosha mkono, akanivua miwani taratibu. Zilikuwa buluu.

“Sasa niitie yule mwenzio mrembo,” akasema.