Silima na Mnofu wa Mkwewe

Kaka yangu Silima hakuwa kafiri. Naanza na hilo kwa sababu Gando nzima, kijiji chetu, ilisema vingine, na mie Moza sina subira na watu wa maneno. Alikuwa mtu wa swala tano, na kabla ya safari yake ya Bara Hindi alikuwa akila nyama mpaka mama anamnyang'anya mfupa.

Alikuwa mchukuzi Wete, dukani kwa Jivraj, Baniani mzee aliyekuwa akiuza nguo. Mwaka hamsini na nane mzee yule akapooza miguu, akataka kurudi kwao Bara Hindi akafie huko. Wa kumbeba alikuwa Silima tu, mwenye kifua kama mlango. Mkewe Mwanapili, binti wa Mzee Kificho wa Micheweni, alilia lakini akamruhusu. Walipendana wale mpaka majirani wakaona aibu. Hata kuchota maji wanakwenda wawili!

Huko kwa kina Jivraj hailiwi nyama, wala samaki, wala yai. Ni dengu, chapati, mboga na mtindi. Silima akala alichopewa. Mgeni afanye nini? Lakini wanawake wa nyumba ile hawakumkubalia kukanyaga jikoni. Walimwekea chakula barazani juu ya jani, na maji walimmiminia viganjani kwa juu, wasije wakagusana naye. Siku moja akamuuliza mzee, "Mie miezi yote hii nala mnachokula nyinyi. Mbona bado nala nje?"

Jivraj akamjibu kwa upole, "Silima, wewe umezaliwa mla nyama. Hiyo haitoki."

Kaka alinihadithia hayo akicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha kweli.

Mzee alipokufa, Silima akapanda meli kurudi. Kwenye sitaha Waislamu wa Kihindi walipika mbuzi, wakamkaribisha. Tonge la kwanza tu, akatapika. Wenzake wakamcheka, wakampa ndimu anyonye, wakasema ni bahari hiyo. Naye akaamini ni bahari.

Loo, bahari! Alipofika Gando ikawa vilevile. Mwanapili alimchinjishia kuku wa kumpokea, mume akatoka nje mbio. Samaki, pweza, hata mchuzi uliopikiwa chungu cha papa, hakuna kilichokaa. "Mie sikuapa chochote, Moza," aliniambia. "Naitaka nyama. Mwili ndio hautaki." Mwanapili hakumuuliza mara mbili. Alimtengea chungu chake, akawa anampikia muhogo wa nazi, mchicha na majimbi.

Watu nao hawana kazi. Kwanza ulikuwa utani: "Yakhe Baniani, ng'ombe wako hajambo?" Halafu utani ukageuka. Kwetu watu wanne watano wanakula sinia moja, mikono inakutana. Basi Silima akikaa kwenye sinia, mmoja anakumbuka hana udhu, mwingine ana mbuzi hakumfunga. Anabaki peke yake na wali wake. Ikasemwa kwamba Bara Hindi alilishwa sadaka ya masanamu. Shehe Nyange alisema wazi msikitini kuwa kula nyama si nguzo ya dini. Wakamwitikia "Naam, Shehe," wakatoka, wakaendelea. Wanafiki wakubwa! Majirani wakafika hadi ya kurudisha sahani alizowapelekea Mwanapili, chakula hakikuguswa.

Maneno yakafika Micheweni. Mzee Kificho akaja siku ya hitima ya marehemu baba yetu, na nilipomwona tu nilijua hakuja kusoma. Chakula kilipotoka akaenda moja kwa moja kwenye sinia la Silima, alikokaa peke yake. Akachagua mnofu mzuri kabisa, akauweka mbele ya mkwewe kwa mkono wake. Kwetu hiyo ni heshima kubwa. Baba mkwe akikuwekea mnofu, kuukataa ni kumtukana mbele ya watu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ukila, nakwenda zangu. Usipokula, binti yangu hakai na mtu asiyekuwa wa dini yake."

Silima akasema bismillahi kwa sauti, akala. Alitafuna huku jasho linamtoka, akameza. Mie nachungulia mlangoni, nasema Ya Rabbi, nyama hiyo ikae, ikae humo humo. Akachukua tonge la pili bila ya kuambiwa. Hapo akainuka mkono mdomoni akimbilie migombani nyuma ya nyumba, hakuwahi kufika, akatapika mbele ya watu wote.

"Mmeona wenyewe," akasema Kificho. "Bismillahi haikai tumboni mwake."

Wanaume wazima na ndevu zao, wakainamia matonge yao! Nilitoka nikawatukana wote mmoja mmoja, na leo nikiwaona nitawatukana tena.

Alasiri Kificho akasimama uani. "Mwanapili, kusanya nguo zako twende."

Mwanapili alikuwa akiosha masinia na wanawake wenziwe. Alijipangusa mikono, akasema taratibu, "Siendi, baba. Na tangu leo na mie sili nyama, sili samaki. Mkimtenga yeye, mtutenge sote wawili."

Toba! Nilitaka kupiga kigelegele. Nikamtazama kaka yangu, nikaona furaha imemjaa usoni kama siku ya harusi yake. Halafu wale wanawake wakaanza kunong'ona, "Na huyu keshatiwa ubaniani," na aliyekuwa karibu na Mwanapili akasogeza sinia lake mbali naye. Silima aliliona lile. Furaha ikamtoka yote. Alikuwa anajua kula peke yako kulivyo, kwa sababu alikula peke yake kwa Jivraj, na alikula peke yake hapa kwao Gando.

Akamwendea mkewe, akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Mwanapili," akasema, "nimekuacha talaka moja. Nenda ukale na watu."