Nafasi Kwenye Benchi

Ipo asubuhi moja ya hapa Musoma, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia, na unavyonijua mimi ni mtu wa kusimulia kila kitu. Nilikuwa binti wa kwaya, nauza dagaa sokoni, mwenye mdomo hasa.

Mwaka ule mchimbaji mmoja wa dhahabu wa Buhemba alifungwa miaka thelathini kwa kumbaka mtoto. Hatukumjua. Sokoni tulipiga vigelegele, na mimi nikasema hiyo miaka ni kidogo, wangemnyonga tu.

Haukupita muda, mwalimu wetu wa kwaya akakamatwa kwa kosa lilelile. Mtoto alikuwa Nyamisi, wa kwaya ya watoto, akiishi na mama yake mtaa wa Kamunyonge. Mahakama ikamkuta mwalimu na hatia. Hapo maneno yetu yakageuka. Tukasema ana mke, ana watoto, miaka thelathini si atatoka mzee? Siku ya kusomewa adhabu tukavaa vitenge vyetu vya sare, hakimu aone kwamba huyu ni mtu wa watu.

Nyamisi alikuwa amekaa na mama yake kwenye benchi la nje ya mahakama. Naye alivaa sare ileile. Alipotuona tunaingia getini akatabasamu, akasogea, akamsukuma mama yake kidogo naye asogee, ili tupate pa kukaa.

Tuliwapita, tukaenda kukaa na ndugu za mwalimu.

Mama yake hakugombana na mtu. Alikuja akasimama mbele yangu, akaniuliza taratibu, "Dada, yule wa Buhemba mlikuwaga mnasema anyongwe. Huyu mtoto wangu amewakosea nini?"

Benchi lao lilikuwa karibu, ningeweza kuinuka, na sikuinuka. Hakimu alitoa miaka thelathini ileile, na Nyamisi hakurudi tena kwaya. Nikikumbuka alivyosogea, naona aibu mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Mtu akimharibu mtoto, usiulize kwanza ni wa kwetu au wa wapi. Unachotaka apewe mgeni, kubali apewe na jamaa yako. Na kabla hujaanza kuhesabu miaka ya mfungwa, mtafute mtoto yuko wapi, uende ukakae naye.

Mungu akulinde, mwanangu, na akupe moyo wa kukaa kwenye benchi lile hata ukiwa peke yako.