Dumu la Mama

Juzi pale Mwaloni, Kirumba, niliwaona vijana wa boti ya uokoaji wakifunga majaketi yao ya rangi ya machungwa, na papo hapo nikasikia harufu ya mapanki. Mama alikuwa akiyakaanga pale pale ufukweni, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, siku moja ya utoto wangu ambayo upepo ulilichafua ziwa ghafla na mtumbwi wa abiria ukapinduka tukiutazama.

Wanawake walipiga yowe. Baba, aliyekuwa akishona nyavu, alikurupuka akanyakua dumu tupu la mafuta pembeni mwa jiko. Wenzake nao wakakusanya madumu, wakayafunga kamba, wakausukuma mtumbwi wao kwenye mawimbi.

Mimi nilidhani wanakwenda kuchota maji, na nilikasirika kwelikweli.

“Mama, kwa nini wasichote hapa hapa?”

Mapanki yaliungua kwenye karai, naye Mama hakugeuza hata moja.

Walirudi wameloa chapachapa, pamoja na watu waliokumbatia madumu kama watoto wachanga. Baba alishuka wa mwisho, mikono mitupu.

“Dumu langu liko wapi?” Mama alimuuliza kwa ukali, machozi yakimtoka.

“Nimempa mtu.”

Nikamwonea Mama huruma kwa dumu lake.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponiambia kwamba Baba, miaka yote ile ya kuvua, hakujua kuogelea.