Mlango Uko Wazi

Mtunza vitu vya kale wa chuo kikuu hunawa mikono kama mkunga, kisha huomba radhi kabla ya kugusa chochote. Ramani huiambia, “Samahani, mzee.” Ngoma huiita bibi, na bango la uchaguzi huliita shemeji. Nilidhani akili zimemruka. Lakini kaseti yenye sauti ya marehemu mama yangu ilikuwa imeota ukungu, na mafundi redio wote walikwisha kutikisa vichwa, nikampelekea. Yeye aliufuta utepe kwa pamba, taratibu, akinong'ona, “Pole, mama.” Akabonyeza. Ikakwaruza, ikakwaruza, halafu mama huyo, mkali vilevile: “Nani kaacha mlango wazi? Mnafuga mbu?” Mtunzaji akainuka upesi, akaufunga mlango. “Samahani, mama,” akasema. Nami nikashusha pumzi niliyoibana tangu tumzike.