Darubini Yangu Ilipopata Kibla

Wiki nzima nyota zilitokea kwenye picha zangu zikiwa zimevutika kama tambi. Nilikaza skrubu, nikabadilisha waya, nikaitukana mota inayozungusha darubini kufuata nyota. Haikusikia. Ili ifuate nyota sawasawa, ekseli yake ilipaswa kuelekea kaskazini kamili, nami sikujua kaskazini hasa ni wapi. Dira nayo ilivurugwa na nondo za paa letu, na nyota ya kaskazini haionekani hapa Garissa.

Jioni moja hooyo, mama yangu, alipanda juu ya paa kuswali penye upepo, akatandika mswala wake kuelekea kibla, upande wa Maka. Nikautazama, nikacheka peke yangu. Kutoka kwetu, Maka iko kaskazini moja kwa moja. Alipomaliza, nililinganisha darubini na ukingo wa mswala.

Nyota zikatoka duara. Nikamwonyesha.

“Mashallah,” akasema. “Lakini wewe, hata fundi wa choo chetu aliuliza kwanza kibla iko wapi, asije akakielekeza huko.”