Ndoto za Shija na Vidonge vya Moyo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilifika hospitali ndogo ya upande wa Songwa kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa najiona, usiseme! Chuo nimemaliza, kofia iko kichwani, saa ya uuguzi inaning'inia kifuani. Metroni wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinipa meza ya wagonjwa wa presha. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani. Nikamhesabia vidonge vyake, nikamtakia safari njema.

"Binti," metroni akaita kutoka mlangoni, "huyo umemshika mkono?"

"Ndiyo, metroni. Nimemsalimia."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na bibi mwenyewe alicheka kuliko wote. Metroni akaja, akachukua vidole vyangu na kuvibandika kwenye kifundo cha mkono wa yule bibi, chini ya kidole gumba, pale mapigo ya moyo yanapodunda. Akaniambia nitazame saa na nihesabu dakika nzima, nisiibe hata sekunde. "Dawa hizi hazina akili," alisema. "Zinaupunguza moyo unaokwenda mbio, na usiokwenda mbio zinaupunguza vilevile. Akili ni wewe."

Maneno hayo yamenilisha mpaka nimestaafu. Nayaandika hapa kwa ajili yenu wauguzi mnaoanza sasa, mlio na mashine ya kupima kila kitu. Mashine ni nzuri, sizikatai. Ila betri ikiisha mkono wa mgonjwa bado upo.

Vidonge ninavyovisema ni vile madaktari wanavyoviita vizuia-beta. Majina yao yanafanana kama watoto wa baba mmoja: propranololi, atenololi na ndugu zao. Mtu akikutana na nyoka njiani, mwili humwaga homoni ya kumfanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Vidonge hivi huizuia ile homoni isiusumbue moyo, ndipo kasi inapungua, presha inashuka na mikono inatulia. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kila dawa ina maudhi yake madogo madogo, na kwa hizi nimeyaona ya kila aina.

Kutoka Songwa nilihamishiwa Kahama. Muuguzi kiongozi pale alikuwa mwanamume mpole sana, hata kukemea alikemea kwa kunong'ona. Ndiye aliyenifundisha kuuliza. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa mpunga amevaa sweta la sufu jua la saa saba, eti mikono na miguu yake imekuwa baridi tangu aanze dawa. Mkewe akadakia, "Usiku akinigusa naruka, sista. Utadhani katoka kisimani!" Kumbe ni dozi. Ilipunguzwa na daktari, ndoa ikapona. Wengine, hasa wanaume, walikuwa na tatizo la chumbani na hawasemi ng'o. Anaacha dawa kimyakimya, halafu analetwa presha imepanda, macho yamemtoka. Muuguzi kiongozi alikuwa akifunga mlango, anakaa karibu na mgonjwa na kumnong'oneza, "Mficha uchi hazai, baba. Sema." Nao walisema. Nikaiiba njia yake, nikaifanya yangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Nyarugusu, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huko ndiko nilikokutana na Shija.

Shija alikuwa kiongozi wa duara, yaani shimo la kuchimbia pamoja na kikundi chake. Alikuja kwetu shingo imevimba, amekonda, vidole vinacheza na moyo unamwenda mbio ajabu. Mganga Mfawidhi wetu, daktari kijana mwenye masihara mengi ila kazini hana mzaha, akagundua kwamba tezi ya shingo ndiyo inayomsumbua. Akampa dawa ya tezi, na propranololi ya kuutuliza moyo wakati tezi inatibiwa. "Hii ya moyo si ya kudumu," akamwambia. "Tezi ikitulia tutaipunguza. Usijiongezee na usijiachishe."

Mara iliyofuata Shija aliingia kliniki meno yote nje. "Mwangaluka, mayu!" aliniamkia Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. Nikamshika mkono, mapigo yamekaa vizuri. Nikamuuliza kuhusu maudhi. Kizunguzungu? Hakuna. Usingizi je?

Akasogeza kiti. "Usingizi ndio wenyewe, sista. Nimemwota bibi yangu marehemu, yule aliyenilea. Namwona kama ninavyokuona wewe, mpaka kilemba. Amesimama mle ndani ya duara, ananyooshea kidole mwamba. Tukachimba palepale. Sista, tumepata!"

Nikamweleza kwamba propranololi ina tabia ya kuleta ndoto kali, zenye rangi na sura. Ni maudhi yanayojulikana. Shija alicheka mpaka akashika mbavu. "Maudhi gani haya yanayoleta dhahabu? Niongezeeni!"

Sasa, mgeni atawacheka watu hawa, lakini mimi nimeishi nao. Mchimbaji hachimbi kwa jembe tu. Anachimba kwa ndoto, kwa mganga, kwa kuku mweupe, kwa chochote kitakachomwambia mwamba uko wapi. Wenzetu walipata ndoto bure. Shija yeye aliipata kwa kidonge, na duara zima likajua.

Kliniki iliyofuata hakutokea. Akaja mkewe, Mama Pendo, ambaye alikuwa akiuza uji kule machimboni. Alikuja mbio, aproni bado kiunoni, na shikamoo yake ikachanganyika na kilio.

"Sista, Shija ananimalizikia. Wenzake wamemwambia aongeze vidonge ili bibi aje aongee, maana anaonyesha tu, hasemi. Ananunua dukani, anakunywa maradufu na kuzidi. Anachoka, analala kabla ya kuku. Leo asubuhi ameinuka kwenye kigoda akaanguka chini puu! Na bado mchana huu anashuka duarani yeye mwenyewe, eti bibi anamtambua yeye peke yake. Sista, lile shimo halina mwisho. Akilegea mle kwenye kamba nitazika nini?"

Nikamkimbilia Mganga Mfawidhi, naye alikuwa anavaa glavu kumpokea mzazi aliyekwama.

"Nenda wewe," akasema bila kugeuka. "Umlete hata kwa kumbeba. Asimeze kingine mpaka nimwone. Ila usimtangazie kuwa ameachishwa moja kwa moja, hilo tutalipanga hapa. Nenda, mama, nenda!"

Mama Pendo na mimi tukapanda bodaboda moja, mimi nimekumbatia mfuko wangu wa kupimia presha. Tulipofika, Shija alikuwa anajifunga kamba kiunoni. Pembeni blowa inanguruma, ile mashine inayopuliza hewa kwenda chini kupitia bomba la plastiki. Mwendeshaji wake aliitwa Mabula. Pale walikuwa na utaratibu wao: hakuna mtu anayeshushwa mpaka Mabula aweke kiganja juu ya injini, afumbe macho, aisikilize. Ikiwa inakwenda sawasawa anapaza sauti, "Tunashusha!" Bila neno hilo hata tajiri wa duara hashuki.

"Mama, usisogee!" mmoja akanizuia. "Mwanamke aliye kwenye siku zake akikaribia, dhahabu inakimbia. Mwiko!"

"Siku zangu ziliacha kuja wewe ukiwa unanyonya," nikamjibu. "Nipishe." Wakacheka, wakanipisha.

Nikamshika Shija mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, na mapigo yake yalikuwa mazito, yanakuja kwa kujivuta. Nikihesabu moja nangoja mpaka nashtuka. Ningeweza kuwahubiria pale mpaka jua lizame, na wangenisikiliza kwa heshima, kisha wangemshusha. Nikamwita Mabula.

"Njoo wewe mwenye sikio la mashine. Weka vidole hapa, nilipoweka mimi."

Mabula akaweka. Akafumba macho kama afanyavyo kwenye blowa. Akakunja uso, akasogeza vidole, akarudisha.

"Mbona inachelewa?" akasema. "Hii inataka kuzima."

"Blowa ikipiga hivi, ungemshusha mtu?"

"Yaya," akasema. Ni hapana ya Kisukuma, na aliisema kwa sauti ndogo sana. Halafu akainama, akaanza kumfungua Shija kamba.

Shija akaja juu. "Mabula, acha! Bibi ananingoja kule chini! Leo angesema!"

Maskini, hata hasira zake zilikuwa hazina nguvu. Alijaribu kumsukuma Mabula akayumba, ikabidi akae. Nikachuchumaa mbele yake. "Shija mwanangu, umeniambia ndoto moja. Hebu niambie nyingine za siku hizi."

Mama Pendo akamhimiza, "Sema, la sivyo nasema mimi."

"Niliota nimeolewa," akasema, akitazama chini.

"Umeoa?"

"Nimeolewa. Nina shela."

Duara zima likavunjika mbavu. Na nyingine? Aliota ng'ombe wa baba yake wanapanda basi la Kahama, kondakta anawaambia wasogee nyuma. Na nyingine aliota Mganga Mfawidhi anauza dagaa.

"Haya," nikawaambia, "kesho mkachimbe stendi ya Kahama, na mkitoka hapo mkachimbe kwenye dagaa. Dawa ni ileile iliyozileta zote."

Hapo Mabula akaingiza mkono mfukoni, akatoa vidonge vichache vilivyofungwa kwenye karatasi. Zamu yake ya kuota ilikuwa inafuata. Nami kifua cha Mabula nakijua, maana nimemtibu pumu mara kadhaa. Nikamwambia, "Kwa mwenye pumu hivi vinabana njia za hewa. Wewe unawapulizia wenzako hewa, halafu unataka kuziba bomba lako?" Alinikabidhi kama anayeachia kaa la moto.

Tulimlaza Shija kituoni, na Mganga Mfawidhi hakutoka pembeni mwake mpaka mapigo yalipochangamka. Ndugu zake walitaka dawa yote itupwe chooni. Daktari akakataa. Moyo uliozoea breki ukiiachia ghafla unakwenda na mteremko, na hapo presha inaruka au moyo unapata shambulio. Akampangia dozi ndogo, kisha ndogo zaidi, huku tezi ikiendelea kutibiwa. Polepole ndio mwendo. Mabula ndiye aliyemsindikiza kila kliniki, na njiani alikuwa akimshika mkono amsikilize. Watu waliwashangaa, wanaume wawili wameshikana mikono, mmoja kafumba macho.

Tezi ikatulia na dawa ya moyo ikaisha kwa amri ya daktari. Nilitegemea furaha. Siku ya mwisho Shija alikaa mbele yangu mnyonge.

"Bibi haji tena, sista."

Ndipo nilipoelewa, na roho iliniuma kwelikweli. Mimi nilidhani tunagombea dhahabu. Kumbe mwenzangu alikuwa amempata tena mtu aliyemlea, na sisi tumemfungia mlango. Sikuwa na dawa ya hilo. Nilimwambia tu pole, nikamshika mkono bila kuhesabu chochote.

Baada ya mavuno nikamsikia anaita nje ya kituo kabla hajafika mlangoni. "Mayu! Amekuja! Bila kidonge!"

"Amekuonyesha wapi safari hii?"

"Hakuonyesha kitu. Ameniuliza kama nimekula."

Alisema hivyo akilia na kucheka kwa pamoja, nami nikafanya vilevile, foleni ya wagonjwa inatutazama.

Sasa nimestaafu, nakaa Shinyanga mjini, nafuga kuku na kugombana na majirani kwa sababu ya kuku. Mkiniuliza kazi ile ilinifundisha nini, nitasema mgonjwa anayeacha dawa si mkaidi kila mara. Ana jambo. Pengine mikono ni baridi, pengine chumbani hakuendi, pengine ndoto ni tamu mno. Usipomuuliza atalipeleka jambo hilo dukani au shimoni. Na ukimuuliza, kaa kitako umsikilize mpaka mwisho, hata akianza na ng'ombe wanaopanda basi.

Ni rahisi kusema. Hivi karibuni moyo wangu mwenyewe umeanza vituko, na daktari kaniandikia atenololi. Mimi! Mikono ikawa baridi, miguu mizito, hata kuku wakinikimbia nawaacha waende. Shija na Mama Pendo walipokuja kunitembelea na mchele wao wa Kahama, nikawaambia nimechoka, nafikiria kuviacha.

"Umemwambia daktari?" Shija akauliza.

"Nitamwambia tu. Ni mambo madogo."

"Mficha uchi hazai, sista."

Nikataka kumjibu, lakini alikuwa tayari amevuta kiti na kunishika mkono. Vidole vyake vigumu vya mchimbaji viliangukia palepale, chini ya kidole gumba. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Nikafungua kinywa, akanitikisia kichwa ninyamaze. Mama Pendo akazima redio. Dakika nzima, hakuiba hata sekunde, na mimi muuguzi mzima nilikaa nimebana pumzi nikimtazama usoni, naogopa atakalosema.

"Mikono ni baridi kweli. Kesho tunakwenda wote kliniki ukaseme," akasema. Kisha akafumba macho, akasikiliza tena kidogo, akatabasamu.

"Tunashusha."